Shajara ya makala ya Jason Kenny: kutoka kwenye tandiko hadi ukingoni mwa njia

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimeanza rasmi. Mradi wenyewe ni makala tano za sauti kwa Kiswahili, kila moja kama dakika kumi na tano, kuhusu Jason Kenny, Mwingereza mwenye dhahabu saba za Olimpiki katika mbio za baiskeli za uwanjani, ambaye mwaka 2022 aliacha kushindana na kuwa kocha.

Kwa nini yeye? Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Manchester, na basi ninalopanda kwenda kazini linapita karibu na velodromu, uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli, alikofanyia mazoezi miaka yote hiyo. Kisha kuna mdogo wangu kule Morogoro. Yeye ni fundi baiskeli, karakana yake iko chini ya mwembe, na anaweza kukutajia washindi wa Tour de France kama anavyotaja wachezaji wa Simba. Lakini nilipomtajia Kenny, hakumjua. Mtu mwenye medali nyingi za Olimpiki kuliko Mwingereza mwingine yeyote, na fundi mpenda baiskeli hajawahi kusikia jina lake! Nikasema basi, hii kazi naifanya mimi.

Usiku wa kuamkia leo nimeandika makala ya kwanza, nikamrekodia kwa simu na kumtumia. Beijing 2008, London 2012, Rio 2016, Tokyo. Medali hii, medali ile. Amenijibu asubuhi: "Shikamoo dada. Nimesikiliza. Huyu bwana anashinda tu mwanzo mwisho, sasa mimi nikae nisubiri nini?"

Ana haki. Nimefuta yote.

Jumanne, 14 Januari

Nadhani nimepata uzi wa kushonea makala zote tano.

Nilikuwa napanga ushindi wake kwenye daftari, safu mbili: Olimpiki upande huu, mashindano ya dunia ya wakubwa upande ule. Safu ya Olimpiki imejaa: dhahabu saba na fedha mbili, kwa Olimpiki nne. Safu ya ubingwa wa dunia ina dhahabu tatu tu. Ile ya 2011, ya sprinti, yaani mbio za kasi za watu wawili wawili, hakuipata hata siku ya mashindano: alikuwa wa pili nyuma ya Mfaransa Grégory Baugé kule Apeldoorn, na alikabidhiwa ubingwa miezi kadhaa baadaye, Baugé alipovuliwa kwa kukiuka taratibu za upimaji wa dawa. Kisha keirini, mbio zinazoanza kwa kufuata pikipiki, mwaka 2013 kule Minsk, kisha sprinti mwaka 2016 London.

Tazama hapo. Mashindano ya dunia yapo kila mwaka, Olimpiki kila miaka minne, na mtu huyu ana dhahabu za Olimpiki zaidi ya mara mbili ya zile za dunia. Maana yake ni kwamba kati ya Olimpiki moja na nyingine, Jason Kenny alikuwa akishindwa. Tena mara nyingi, hadharani, na watu walioonekana kumzidi kabisa. Halafu inafika Agosti ya mwaka wenyewe, anatokea mtu mwingine.

Hiyo ndiyo hadithi. Na inazaa swali litakalobeba makala ya tano: kipaji cha namna hiyo, cha kujua saa yako, kinafundishika? Maana mwaka 2022 kazi yake ikawa ndiyo hiyo.

Jumapili, 19 Januari

Siku nzima nimehangaika na maneno. Msikilizaji wangu hajawahi kuona velodromu, kwa hiyo kabla ya Kenny lazima nimjengee uwanja. Nilichofikia mpaka sasa:

Njia ni duara refu la mbao, mita 250 kwa mzunguko, na kwenye kona imeinuliwa kama ukuta. Baiskeli haina breki wala friwili. Pedeli zimefungamana na gurudumu la nyuma: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, utake usitake.

Sprinti: watu wawili, mizunguko mitatu, atakayetangulia mstarini ameshinda raundi, na kuanzia robo fainali anayetwaa raundi mbili ndiye anayesonga. Mtu angedhani wataondoka kama risasi. Hapana. Wanatembea. Wa mbele anageuza shingo kumwangalia wa nyuma, anapanda juu ya ukuta, anashuka, mara nyingine wanasimama kabisa wakiwa juu ya baiskeli, miguu imekaza, gurudumu halisogei. Wanafanya hivyo kwa sababu ya upepo. Wa mbele ndiye anayeukata, wa nyuma anajificha mgongoni mwake akihifadhi nguvu, na mita 200 za mwisho anachomoka. Kwa hiyo wa mbele anajaribu kumlazimisha mwenzake apite. Wale wa juu kabisa wakishaachia, mita 200 zinakwenda chini ya sekunde 10, yaani zaidi ya kilomita 72 kwa saa, kwa miguu ya binadamu.

Mbio za kasi za timu: watu watatu, mizunguko mitatu. Wa kwanza anavuta mzunguko mmoja anatoka, wa pili anavuta mmoja anatoka, wa tatu anamalizia. Katika dhahabu tatu za timu, Kenny alikuwa wa pili, nafasi ambayo haisifiwi na mtu. Anayeanza ndiye kishindo, anayemaliza ndiye anayepigwa picha. Wa katikati kazi yake ni kulishika gurudumu la mwenzake lisimwache, kisha kuongeza mwendo bila kumwacha anayemfuata.

Keirini nimeiweka pembeni, itakuja kwenye makala ya Tokyo.

Mdogo wangu ameridhika na maelezo ila kuhusu breki amenibana. "Dada, haina breki kweli? Sasa akitaka kusimama?" Nikamwambia anapunguza kwa miguu, taratibu, anapanda juu ya ukuta mwendo ufe. Akanyamaza kidogo. "Basi huyo mtu anawaza kwa magoti." Sentensi hiyo nimeiingiza kwenye makala kama ilivyo.

Jumamosi, 25 Januari

Leo nimekwenda mwenyewe. Velodromu wana saa moja ya majaribio kwa watu wa kawaida: unalipa, unapewa baiskeli, kofia na viatu, na mwalimu anakuelekeza. Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu Morogoro.

Mbao zina harufu ya karakana ya seremala. Kilichonishtua kwanza ni ukuta. Kwenye televisheni unaonekana mteremko tu. Ukisimama chini yake unaona kitu ambacho mtu mzima hawezi kukipanda kwa miguu bila kutambaa. Mwinuko wa kona unazidi digrii 40.

Tulianzia chini, kwenye mkanda wa rangi ya samawati. Mwalimu alirudia neno moja tu: usiache kukanyaga. Nikazoea mzunguko wa kwanza, wa pili, na mwili ukafanya ulichozoea miaka yote, nikapumzisha miguu. Pedeli ya kulia ikaninyanyua kutoka kwenye tandiko kama mtu aliyenipiga teke kwa chini. Moyo ukapaa. Nikakanyaga tena, na tangu hapo sikuacha.

Mzunguko wa kumi hivi nikavuka mstari mweusi, nikapanda kuelekea mstari mwekundu. Hapo nikaelewa jambo ambalo kusoma kusingenipa. Kwenye kona, mwendo ndio unaokushikilia. Ukipunguza kwa woga, tairi linaanza kuteleza kuelekea chini. Ukitaka usalama, ongeza. Mwili wote unakukatalia, halafu unatii, na ukuta unakuwa barabara.

Na kule juu, mahali ambapo mimi nahitaji mwendo ili nisianguke, Kenny na wenzake wanatambaa, wanachungulia begani, wanapimana. Nimerudi nyumbani miguu ikitetemeka na nimeandika kurasa nne bila kula.

Jumapili, 2 Februari

Makala ya pili imekamilika: Bolton hadi London.

Alizaliwa Bolton, mji jirani na Manchester, mwaka 1988. Mwaka 2006 alitwaa dhahabu tatu za vijana za dunia kule Ghent, na miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 20, alikuwa Beijing kwenye mbio za timu, kati ya Jamie Staff na Chris Hoy, wakiwashinda Wafaransa. Kwenye sprinti ya mtu mmoja mmoja alifika fainali, akamkuta Hoy huyohuyo, akapata fedha. Hapo nimepita haraka, kwa sababu utamu uko 2012.

Mwaka ule sheria ilibadilika: kila nchi mtu mmoja tu kwa kila mbio. Uingereza ilikuwa na Hoy, bingwa mtetezi, jina lililopendwa na taifa zima, na ilikuwa na Kenny, kijana mkimya ambaye mwezi Aprili alikuwa amefungwa na Baugé kwenye fainali ya dunia kule Melbourne. Wakamchagua Kenny. Mbele ya watu wa nyumbani, fainali ya Olimpiki, mpinzani ni Baugé yuleyule. Kenny akamfunga raundi mbili kwa sifuri.

Halafu kwenye mkutano na waandishi wa habari, Baugé akageuka kuwa mwandishi. Akamuuliza Kenny mwenyewe wanajiandaaje, inawezekanaje miezi michache tu iliyopita awe nyuma yake na leo awe hivi. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi. Si dharau ile. Ni mtu aliyefanya kila kitu sawasawa, akashindwa, na kweli anataka kujua. Swali lake ndilo swali langu la tarehe 14.

Kuna jambo nililitafakari sana kabla ya kuliingiza. Kwenye mbio za timu mwaka huohuo, raundi ya kwanza, mwenzake Philip Hindes alianza vibaya, akaanguka, na kwa mujibu wa kanuni wakaruhusiwa kuanza upya. Baadaye akasema alianguka kwa makusudi. Matokeo hayakubadilishwa, na fainali waliimaliza kwa sekunde 42.600, rekodi ya dunia. Ningeweza kuliruka. Lakini msikilizaji akija kulisikia kwingine atajiuliza ni mangapi mengine nimemficha. Nimeliweka, kwa maneno machache, na nimesema wazi kwamba mimi halinipendezi.

Jumatano, 5 Februari

Rekodi ya makala ya pili imepotea. Simu ilijaa katikati, haikuhifadhi chochote baada ya dakika ya nne. Nimerekodi upya usiku chini ya blanketi ili mwangwi usiingie. Sauti imetoka nzuri kuliko ya kwanza.

Jumamosi, 15 Februari

Rio na Tokyo. Nilipanga makala mbili, nimegundua Rio haihitaji makala nzima. Alishinda yote matatu: timu, sprinti na keirini. Fainali ya keirini ilianzishwa mara tatu, ya kwanza ikasimamishwa kwa sababu yeye na Mmalaysia Azizulhasni Awang walishukiwa kuipita pikipiki ya kuongoza kabla haijatoka njiani. Waamuzi wakakaa na video huku watu wanangoja, wakaamua hakuna wa kuondolewa. Akashinda. Dhahabu sita, sawa na Hoy. Siku hiyohiyo Laura Trott, mchumba wake, alitwaa dhahabu yake, na mwezi uliofuata wakaoana.

Kisha akaacha. Hakutangaza chochote, alikaa tu pembeni kama mwaka mzima, mpaka 2017 akarudi. Napenda kipindi hicho cha ukimya, nimekipa dakika mbili nzima.

Ila Tokyo ndiyo moyo wa kazi hii. Michezo ilisogezwa hadi 2021, mashindano ya baiskeli yakawa kwenye velodromu ya Izu. Kenny ana miaka 33. Kwenye timu Waholanzi wanawazidi waziwazi, Kenny na wenzake wanapata medali ya fedha. Kwenye sprinti, yeye bingwa mtetezi mara mbili, anaondolewa mapema kabisa. Ukitazama uso wake siku hiyo unaona mtu aliyefika mwisho wa safari. Imebaki keirini, siku ya mwisho, tarehe 8 Agosti.

Keirini ni hivi: watu sita wanafuata pikipiki ndogo inayoongeza mwendo polepole hadi kilomita 50 kwa saa. Ikibaki mizunguko mitatu inatoka njiani, na hapo kila mtu na lake. Kwa kawaida hakuna anayeondoka mapema. Mizunguko mitatu ni mita 750, na anayeondoka peke yake anaukata upepo wote kwa niaba ya wanaomfuata.

Kenny alikuwa wa kwanza nyuma ya pikipiki. Wa pili alikuwa Mwaustralia Matthew Glaetzer, ambaye aliacha nafasi kati yao, labda apate pa kuchomokea. Pikipiki ikatoka. Kenny akageuza kichwa, akaiona ile nafasi. Akaondoka.

Nimeisimamisha video hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kile kichwa kinageuka mara moja tu. Nyuma yake kuna watano, miongoni mwao Awang na Mholanzi Harrie Lavreysen, bingwa mpya wa sprinti, mwenye mwendo kuliko wote. Wana miguu ya kumfukuza. Lakini atakayeanza kumfukuza atawavuta wengine wanne mgongoni, na mwishoni watampita. Kwa hiyo kila mmoja akamsubiri mwenzake. Sekunde moja, sekunde ya pili. Walipoanza kumfukuza kwa dhati, Kenny alikuwa ameshakwenda mbali mbele. Alikufa miguu mzunguko wa mwisho, inaonekana kabisa mabega yanavyoyumba, na bado hapakuwa na mtu wa kumfikia. Awang wa pili, Lavreysen wa tatu. Dhahabu ya saba.

Mdogo wangu aliposikiliza alinipigia, hakuandika. "Dada, hakuwashinda kwa miguu. Aliwashinda kwa kujua kwamba wanaogopana."

Jumamosi, 1 Machi

Makala ya kocha. Wiki mbili nimeisogeza siku hadi siku, kwa sababu kocha hana fainali ya kuisimulia.

Nimeanza na mtu aliyemtangulia. Mjerumani Jan van Eijden alikuwa bingwa wa dunia wa sprinti mwaka 2000, na alishinda humuhumu Manchester, kwenye mbao hizihizi. Baadaye akawa kocha wa wanasprinti wa Uingereza, hodari hasa wa mbinu za ana kwa ana. Kenny alipitia mikononi mwake. Kwa hiyo alipochukua saa ya kocha mwenyewe mwaka 2022, alikuwa anaingia kwenye njia iliyokwisha kupitwa: bingwa anamlea bingwa, na yule aliyelelewa anageuka mlezi. Hakuwa hata na mpango wa kuacha. Alikuwa anaitazamia Paris kama mshindani. Nafasi ya kocha wa sprinti wa wanaume ikatokea, akaichukua.

Hebu fikiria mwezi ule. Jack Carlin alikuwa mwenzake kwenye timu ya Tokyo, walisimama pamoja jukwaani na medali za fedha. Miezi sita baadaye Carlin anamwita kocha. Kwetu ingebidi hata salamu ibadilike.

Paris 2024 nimeisimulia kupitia Carlin. Tokyo alipata fedha ya timu na shaba ya sprinti. Paris, chini ya Kenny, fedha ya timu na shaba ya sprinti. Mdogo wangu alilidaka hapohapo: "Kwa hiyo kocha hajaongeza kitu?"

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Jibu langu, ambalo ndilo nililorekodi, ni hili. Timu ya Tokyo ilikuwa na Kenny ndani yake. Timu ya Paris ilimpoteza Kenny, ikawa na Ed Lowe na Hamish Turnbull, wote Olimpiki yao ya kwanza. Pengo alilolizibua yeye mwenyewe alipoondoka, alilijaza kwa vijana, na wakasimama palepale. Waliokuwa juu yao ni Waholanzi waliokwenda kwa sekunde 40.949, watu wa kwanza kushuka chini ya 41. Siku ile hapakuwa na wa kuwagusa. Lavreysen akaondoka na dhahabu zote tatu, kama Hoy Beijing, kama Kenny Rio.

Sasa lile swali la Baugé: kipaji cha kujua saa yako kinafundishika? Nimeandika majibu manne na kuyafuta. Nguvu zinafundishika, kuna vyuma vya kunyanyua na kompyuta za kupima kila msukumo wa pedeli. Mwendo wa kuanzia unafundishika. Kupangilia miaka minne ili mwili uwive mwezi mmoja, hilo ni kazi ya kocha hasa, na nadhani hapo ndipo Kenny ana cha kutoa kuliko karibu mtu yeyote, kwa sababu yeye ameishi katikati ya hiyo miaka: anajua kufungwa mwezi wa Machi kunavyouma na kwamba hakumaanishi chochote. Kijana aliyeshindwa leo akiambiwa hivyo na mtu mwingine anasikia faraja. Akiambiwa na Kenny anasikia ushahidi.

Ila kile kichwa kugeuka mara moja, Izu, na mwili kuamua kabla akili haijamaliza kuuliza? Hapo naamini unaweza tu kumwekea kijana mbio zilezile mara elfu, umsimamishe, umwonyeshe nafasi iko wapi, halafu siku yenyewe ukae ukingoni mwa njia huna la kufanya. Hivyo ndivyo nilivyorekodi.

Jumapili, 9 Machi

Makala zote tano zimekamilika. Rio na Tokyo zimekuwa moja, na ile ya saa yangu ya majaribio imekuwa makala kamili. Jumla ni dakika 71. Nimezituma Morogoro kwanza, kabla ya mtu mwingine.

Jioni nimepokea video. Uani, chini ya mwembe, mdogo wangu amechukua Phoenix kuukuu, ameichomelea friwili gurudumu na pedeli vishikane, breki ameziacha kwa kuwa barabara yetu ni mteremko. Vijana watatu wa karakana wamemzunguka. Anaingia polepole, anakata usukani upande, anakaza miguu, baiskeli inasimama. Vijana wanahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, mguu unagusa chini. Anairudisha nyuma, anaingia tena.